Barafu ya Min Akinyi

Tangu nishuke hapa Mwatate mmekuwa mkinitazama kwa jicho la pembeni kila nikikaribishwa chakula. Wakesho ameniuliza mbele ya watu kama nina minyoo. Mghoi anadhani nimepata mchumba huko Nyanza aliyenizoesha kula. Mnashangaa kwa sababu miaka yote mliyonijua, nikiulizwa kama nitakunywa chai nasema nimeshiba, hata kama nimetoka safari ya siku nzima, na sasa nakubali kabla sufuria haijafunuliwa. Sina minyoo wala mchumba. Kaeni niwasimulie, na msinikatize kama ilivyo kawaida yenu.

Mnajua ninafanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati ndogo upande wa Homa Bay, karibu na ziwa, ng'ambo ya mto usio na daraja. Mwanzoni mwa mvua chanjo ya watoto ilituishia, ile tunayoiita penta, sindano ya paja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda na mengineyo. Kina mama walikuja nikawaambia warudi siku nyingine ya kliniki. Wakarudi, nikawaambia vilevile, na safari hiyo niliona nyuso zao. Mtu aliyepanda kilima na mtoto mgongoni akarudishwa mara mbili, ya tatu haji. Niliwaahidi kwamba kliniki ijayo chanjo itakuwapo, nikapiga simu mpaka sikio likauma, na mwishowe stoo moja ya Migori ikakubali kutugawia vichupa vichache. Habari za vibali nawapunguzia. Nilienda kulala Migori, na kliniki ilikuwa inanisubiri kesho kutwa yake.

Migori

Mwenye stoo alikuwa bwana mmoja mpole, Mkuria, jina lake Marwa. Asubuhi alitoa pakiti za barafu kwenye friza, akazipanga mezani, akaketi. Nami nikaketi. Kungoja si jambo ninaloliweza, mnalijua hilo, lakini pale nilingoja bila kunung'unika kwa sababu kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Watu wengi wanadhani adui wa chanjo ni joto peke yake. Joto ni adui, ndiyo, na kila kichupa kina kialama kidogo kwenye lebo kinachobadilika rangi kikipigwa na joto. Lakini penta ina adui wa pili, nao ni kuganda. Ikiganda mara moja tu, nguvu yake imekwisha, hata ikiyeyuka baadaye ikaonekana nzima, na kile kialama cha lebo hakikuambii kitu. Utamdunga mtoto, atalia, mama yake atarudi nyumbani ameridhika, na mtoto hana kinga yoyote. Ndiyo maana barafu haiingizwi kwenye sanduku la kubebea chanjo ikiwa ngumu. Inaachwa mezani mpaka itoke jasho, mpaka ukiitikisa sikioni usikie maji yakicheza ndani.

Marwa alitikisa kila pakiti sikioni, akazirudisha nyingine mezani, akatikisa tena. Ilipofika wakati akapanga pakiti kandokando ya sanduku, vichupa katikati, akafunga kifuniko.

"Hii itafika kesho bila shida," akasema. "Usifungue ovyo. Na sasa kuja unywe chai, Sista. Kuna nyoyo ya moto hapo."

Nyoyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na harufu yake ilikuwa imenifikia zamani.

"Asante, nimeshiba," nikasema.

Sikuwa nimeshiba. Tangu usiku uliopita nilikuwa nimekula ndizi moja. Niwaambie ukweli ambao pengine mlishaujua: ukila kwa mtu, unamlipa kwa mazungumzo. Atakuuliza umeolewa wapi na una watoto wangapi. Majibu yangu ni mafupi. Mume wangu tulimzika hapa Mwatate, na watoto hatukujaliwa. Nikisema hivyo watu wanainamisha macho, chai inaharibika, na mimi ndiye ninayebaki kuwafariji wao. Kwa hiyo nilijifunza kushiba mapema. Kwa miaka yote niliyokaa ziwani nimekuwa mtu aliyeshiba.

Asumbi, mahali ambapo sikukusudia kufika

Gari nililoahidiwa halikuja. Marwa alinitafutia nafasi kwa Mzee Okoth, mwenye pikapu ya kubeba mahema na viti vya kukodisha, aliyesema anaelekea njia yangu. Nilikaa mbele, sanduku mapajani.

Tulipopita Rongo akaliangalia sanduku kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa akiiangalia barabara.

"Sista, hiyo ni damu?"

"Ni chanjo, Mzee. Ya watoto."

"Haya. Mimi nilidhani ni soda. Nilikuwa nangoja tuzoeane niombe moja."

Nilicheka, yeye akacheka, kisha akapinda kona ambayo si yangu. Kumbe yale mahema yalikuwa yanangojwa kwenye matanga upande wa Asumbi. "Ni kushusha tu," akasema. Kushusha tu kulikula asubuhi yote. Huwezi kufika na mahema kwenye matanga ya Wajaluo ukayatupa chini ukaondoka. Lazima uyasimamishe, uwape pole wenye boma, na usikilize angalau wimbo mmoja wa kwaya.

Nilikimbilia kivuli cha hema la kwanza lililosimama, nikaketi na sanduku miguuni. Watu walimiminika wakikaa kila mmoja mahali pake bila kuelekezwa: wakwe kule, wake wa boma huku, waliosoma na marehemu pale nyuma. Kila mtu alijua anamhusu nani. Mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana. Wewe ni wa upande gani?"

"Mimi ni mpita njia tu, mama. Nangoja gari."

"Kwa matanga hakuna mpita njia. Kaa, unaletewa chakula."

"Nimeshiba, mama. Asante."

Hakubishana. Aliniletea sahani ya wali na nyama, akaiweka kwenye kiti kilichokuwa tupu kando yangu, akaenda kuwapokea wengine. Mate yalinijaa mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshasema nimeshiba, na mimi nikisema nimesema. Kwaya ikaanza. Machozi yakanitoka, na si kwa ajili ya marehemu, maana hata jina lake sikulijua. Nililia kwa sababu uwanja mzima ulikuwa na watu na hapakuwa na hata mmoja ambaye angeona kama nisingekuwapo. Mtu wa nyuma yangu akanipa leso, bila shaka akidhani mimi ni ndugu wa mbali. Wali ukapoa, mtu akaja akaondoa sahani, na Mzee Okoth akaniita kwamba twende.

Ndhiwa na Magunga

Mzee Okoth aliniacha Ndhiwa, na mvua ikatukuta palepale. Nilijibanza kwenye baraza ya kinu cha kusaga unga. Nilichungulia kipimajoto kidogo kilichokuwa ndani ya sanduku, nikaona baridi iko mahali pake, nikafunga haraka. Ndani ya lile sanduku ndimo mlimokuwa na utulivu peke yake siku ile.

Mwanamke mwenye jiko la mahindi ya kuchoma alikuwa amejikinga pamoja nami. Alivunja hindi katikati na kuninyooshea nusu. Nikatikisa kichwa nikajishika tumbo kuonyesha limejaa. Akalila lote yeye mwenyewe, polepole, na mimi nikasoma tangazo la mbolea lililokuwa ukutani mpaka nikalikariri.

Mvua ilipopungua nilimpata Odhiambo, mwendesha boda ambaye hunibeba mara kwa mara, mtu mzima mwenye wake wawili na maneno mengi. Alilifunga sanduku kifuani pangu kwa mkanda, akanivika gunia la plastiki, tukaondoka. Tulikula njia mpaka tukaipita Magunga. Mahali ambapo uzio wa hifadhi ya Ruma unakaribia barabara alisimamisha pikipiki. Twiga mmoja alikuwa amesimama kwenye mvua akituangalia.

"Huyo huwa peke yake," Odhiambo akasema. "Wenzake wako kule chini. Yeye hataki."

"Endesha, Odhiambo," nikamwambia.

Mtoni

Mto ulikuwa umejaa. Maji mekundu yalikuwa yanapita na matawi ya miti, na pale tunapovukia hapakuonekana hata jiwe moja. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Odhiambo alishuka, akatupa kijiti majini, akakiangalia kinavyokimbizwa.

"Hii maji itashuka asubuhi. Leo hapana, Sista. Mimi bado niko na watoto ya kulea."

Upande ule wa mto hakuna zahanati wala friji ya chanjo, ni kijisoko tu chenye maduka machache. Sikuwa na hofu lakini. Barafu ya Marwa ilikuwa na uwezo wa kufika kesho, na kesho asubuhi ningekuwa ng'ambo. Odhiambo alinipeleka kwenye duka la samaki la Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, na nilipomwona nikamkumbuka mara moja. Alikuwa mmoja wa wale niliowarudisha mara mbili. Binti yake Akinyi anafanya kazi za nyumbani Nairobi, na yeye amebaki kumlea mjukuu, kitoto cha kike kiitwacho Awuor, mashavu kama maandazi.

"Sista! Umeleta?" Hata salamu alizisahau.

Nikapiga sanduku kwa kiganja. Alilisogelea, akaliwekea mkono juu taratibu, kisha akamgeukia mtoto.

"Awuor, umesikia? Sindano yako italala kwetu leo."

Kisha ukarimu ukaanza. Aliniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema hapana Mama, nimeshiba. Akaileta. Nikanywa kikombe, nikanywa na cha pili, maana nilikuwa natetemeka. Aliniuliza kama anipashie maji ya kuoga. Nikasema hapana, niko sawa. Akayapasha, nikaoga, na nilipotoka nilijisikia mtu tena. Aliniuliza kama nitakula samaki. Nikasema hapana, kwa kweli nimeshiba. Akaweka mbele yangu ngege mzima wa mchuzi na ugali wa moto, nikala mpaka nikanyonya kichwa.

Min Akinyi alikuwa ameketi na Awuor mapajani akinitazama, mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Ndio hii mtu ameshiba!" akasema. "Kama ungekuwa na njaa ungekula na sahani."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka hivyo nikiwa na chakula mdomoni.

Kabla ya kulala nilifungua sanduku kuangalia kipimajoto. Yeye alikuwa nyuma yangu, akachungulia begani kwangu. Huyu ni mtu aliyeuza samaki maisha yake yote. Kwake barafu ikianza kutoa maji, mali imeanza kuoza.

"Sista, barafu yako inalia."

"Iache tu, Mama. Inatosha."

"Nikuongezee? Mimi niko na barafu mingi kwa friza."

"Hapana, inatosha kabisa. Asante."

Akaniangalia, na sasa najua aliniangalia vilevile alivyoniangalia niliposema hapana kwa chai. Nilikuwa nimeshiba kwelikweli mara hii, usingizi umenilemea, sikueleza zaidi. Alisema sanduku likae dukani kwake sakafuni ambako kuna ubaridi, na mimi nilale kwenye kitanda chake. Kwa mara ya kwanza siku nzima nililiweka mbali na mikono yangu. Giza halijaingia sawasawa nikawa nimelala.

Nilipoamka, niliona kifuniko hakijakaa vizuri. Nikafungua. Pakiti za Marwa hazikuwemo. Badala yake palikuwa na mifuko ya nailoni ya maji yaliyogandishwa, migumu kama mawe, imepangwa kwa ufundi pande zote, chini na juu, na vichupa vyangu vimefukiwa katikati kama anavyofukia samaki wa kusafiri. Juu kabisa alikuwa ametandika kitambaa safi kilichopigwa pasi. Nilifungua friza. Pakiti zangu zilikuwa pale juu ya samaki, zimepangwa mstari, zinapozwa upya ili anirudishie.

Nilitoa vichupa kimoja kimoja. Vya pembeni vilikuwa vimeganda, vyeupe, kimoja kimepasuka. Vya katikati, chini ya ukungu wa baridi ulioshika kioo, vilionekana bado maji. Vialama vya lebo vyote vilisema hali ni njema.

Min Akinyi aliingia na beseni, uso umejaa furaha.

"Nilikuongezea. Hata haukusikia, ulikuwa umelala."

"Nilikuambia hapana!" Nilifoka mpaka Awuor akaanza kulia. "Mama, umegandisha chanjo! Nilikuambia hapana, nilikuambia inatosha!"

Alisimama na beseni lake. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka nje kuningoja njiani.

Ng'ambo

Mto ulikuwa umeshuka kufikia magoti. Nilivuka na sanduku kichwani, sasa likiwa na pakiti za Marwa zilizotoa jasho tena juani pale dukani. Min Akinyi alivuka nyuma yangu na Awuor. Tulipanda kile kilima chote yeye akibaki mbali nyuma, na nilikuwa nimeyataka mwenyewe.

Lakini nilikuwa bado na tumaini, na nataka mlielewe tumaini lenyewe. Vile vichupa vya katikati havikuonekana vimeganda. Kuna njia ya kujua kama kichupa kiliganda kikayeyuka usipokiona. Unachukua kimoja ambacho una hakika kiliganda, unakiacha kiyeyuke, unakishika pamoja na kile unachokitilia shaka, unavitikisa vyote viwili kwa pamoja, kisha unavisimamisha mezani kando kwa kando. Kilichoganda kitaanza mapema kuangusha chini vijichembe kama machicha, na juu patabaki maji maangavu. Kilicho kizima kitaendelea kuwa na ukungu sawasawa.

Kina mama walikuwa wamejaa mabenchi yote. Walikuwa wamekuja, mara ya tatu, wote. Waliponiona na sanduku mmoja akapiga kigelegele, na hicho kigelegele nakisikia mpaka leo.

Niliwaambia wangoje kidogo. Niliweka meza barazani penye mwanga kwa sababu sikutaka kufanya jambo lile chumbani peke yangu. Nikawaeleza ninachokifanya. Nikatikisa vichupa viwili, nikavisimamisha. Walisogea na watoto wao, wakainama. Hata wale watoto ni kama walijua, hapakuwa na aliyelia.

Kile cha kwanza kilianza kuachia machicha, kama nilivyotarajia. Nikamwomba Mungu kwa ajili ya kile cha pili, kwa jina lake kabisa, kama mtu anayeombea mgonjwa. Kwa muda kilibaki na ukungu. Min Akinyi alikuwa amesimama nyuma ya wote, mkono mmoja umeshika mguu wa Awuor kwa nyuma. Kisha nikaona utando mwembamba chini, na mstari wa maji maangavu juu, na mstari ukazidi kushuka.

Nikakitikisa kingine cha katikati. Na kingine. Vyote viliachia machicha vilevile.

"Chanjo imeharibika," nikasema. "Iliganda njiani. Siwezi kuwadunga watoto maji."

Mwanamke mmoja wa mbele, kijana, akanitazama kana kwamba nimemnyang'anya kitu mkononi.

"Nani ameharibu?"

"Sanduku lilikuwa langu," nikajibu.

"Hapana." Ilikuwa sauti ya Min Akinyi. Aliwasogeza watu akapita mbele. "Ni mimi. Na ninasema na Kiswahili ndio Sista asikie, si ninyi tu."

Alikuwa analia, lakini sauti haikutetemeka.

"Sista, ulikuja kwangu umelowa. Nikauliza chai, ukasema hapana. Kumbe ulikuwa na kiu. Nikauliza maji ya kuoga, ukasema hapana, na ulikuwa na baridi. Nikauliza samaki, ukasema umeshiba, ukakula mpaka kichwa. Mimi nikajua, huyu Sista ni mtu wa aibu, yeye husema hapana kwa kila kitu hata kile anataka. Mgeni ni hivyo. Mwenye boma hangoji mgeni aombe. Sasa barafu pia ukasema hapana. Ningejua aje hiyo moja ndio ilikuwa ya kweli?"

Miaka yote nimewafundisha kina mama wale kunawa, kunyonyesha, kulala kwenye neti. Sikuwahi kuwafundisha kunijua. Niliwapa hapana moja kwa kila jambo, na sasa mmoja wao aliyekuwa na haja na chanjo ile kuliko mimi ndiye aliyeiua kwa sababu alinipenda.

"Nitarudi Migori," nikasema mwishowe. "Nitaenda mwenyewe."

Wengine waliitikia kwa kichwa. Wengine walianza kufunga watoto mgongoni. Nilipoinua macho kumtafuta Min Akinyi, alikuwa ameshashuka nusu ya kilima.

Mara ya pili mtoni

Kabla ya kliniki iliyofuata nilienda tena Migori. Marwa alisikiliza habari yote bila kunikatiza, akazipanga pakiti mezani, tukangoja. Akasema kuna nyoyo. Nikasikia mdomo wangu ukisema nimeshiba. Ndivyo tabia ilivyo. Njiani hapakuwa na matanga wala mvua, na mto ulikuwa mdogo, nikavuka siku ileile na kulala nyumbani kwangu nimelikumbatia sanduku kama mwendawazimu.

Siku ya kliniki walikuja wengi. Si wote, lakini wengi. Nilipofika kwenye jina la Awuor niliita, nikaita tena, hakuna aliyeinuka. Yule mwanamke kijana akaniambia, "Bibi yake hawezi kuja. Watu wa soko walimcheka sana. Wanamwita Barafu."

Kazi ilipokwisha nilifunga kichupa kilichobaki ndani ya sanduku, nikamwita Odhiambo, nikavuka kurudi.

Mlango wa duka ulikuwa wazi nusu. Min Akinyi aliponiona alisimama, akanisalimia kwa adabu, akanipa kigoda. Alimshika Awuor vizuri nilipomwonyesha. Sindano iliingia, mtoto akapiga yowe, akanyamaza alipopewa kidole cha bibi yake akinyonye. Imekwisha. Kile nilichokizungukia nchi nzima kilichukua muda wa kupiga chafya.

"Asante, Sista," akasema.

Friza ilikuwa inanguruma. Nyuma kule jikoni sufuria ilikuwa inachemka, na harufu ya ngege ilikuwa imejaa chumba. Aliitazama sufuria, akanitazama mimi, akabaki amekaa na mikono mapajani. Mama yule, ambaye hajawahi kumwacha mtu apite mlangoni pake bila kikombe, alikuwa anaogopa kunikaribisha. Ni mimi niliyemwogopesha.

Ningeweza kuaga. Odhiambo alikuwa nje, pikipiki haijazimwa. Hakuna ambaye angenilaumu, ningefika nyumbani nikafunga mlango wangu kama siku zote. Msinicheke, maana kuomba kitu kwa mtu nilikuwa nimekwishasahau kunavyofanywa.

"Mama," nikasema, "nina njaa."

Aliinua kichwa.

"Ya kweli?"

"Ya kweli. Sijala tangu jana. Na baada ya kula nitataka chai."

Alisimama haraka hata Awuor akaanza kucheka. Alifika mlango wa jikoni, akasita, akageuka kuliangalia sanduku pale miguuni pangu.

"Na hiyo? Barafu yake iko sawa?"

"Inalia. Iache ilie."

"Nisiongeze?"

"Usiongeze, Mama. Hapana."

"Hiyo ni hapana ya kweli?"

"Hiyo ni ya kweli."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupakua. Nilikuwa nimeanza kunyonya kichwa cha samaki Odhiambo alipopiga honi huko nje, mara ya kwanza, kisha ya pili. Min Akinyi alitoa kichwa mlangoni.

"Ngoja!" akampigia kelele. "Sista bado anakula."